Mfamasia Aliyenawiri

Ukimwita Daktari hageuki. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kuanzia wauza samaki wa sokoni hadi wanafunzi wa chuoni, na yeye aliendelea kupanga maboksi yake rafuni mpaka mtu achoke aseme, "Ewe bwana wa dawa." Hapo ndipo alipogeuka na kutabasamu. Daktari, alisema, ni yule anayejua mtu anaumwa nini. Yeye alijua dawa inafanya nini tu, na kwake hizo zilikuwa kazi mbili. Mimi nilimwita Mfamasia. Nimesimama naye nyuma ya kaunta miaka kumi na tano, kwa hiyo anayedhani anamjua zaidi yangu na aje tubishane.

Duka lilikuwa katika kichochoro cha nyuma ya soko la Darajani, mjini Unguja, chini ya nyumba ya zamani ya ghorofa mbili. Lilikuwa jembamba mno. Mteja akiingia, anayetoka hujibana ukutani kumpisha. Masika kuta zilitoa jasho, chokaa ikadondoka juu ya maboksi, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuyafuta moja moja. Hewa ile haikumfaa mtu yeyote mwenye kifua kibovu, na yeye alikuwa nacho.

Namna yake ya kuuza iliwakera watu. Alikuwa akiweka dawa juu ya kaunta halafu anaifunika kwa kiganja. Huipati mpaka umwambie itakwenda wapi mwilini, itakaa muda gani, na itatokea wapi. Hujui, anakufundisha, kisha anakuuliza tena. Mtu kaacha chungu motoni, kaja mbio kutafuta dawa ya homa ya mtoto, anajikuta darasani. Wengi walihamia maduka mengine. Mwaka wa kwanza na mimi nilimwona ni msumbufu tu, na nilikuwa nikiwakonyeza wateja nyuma yake.

Lakini waliobaki, walibaki kwa sababu ya darasa lile. Alifundisha kwa vitu vilivyokuwa mbele ya macho yetu. Kila hisia, alisema, ni habari inayopita mwilini, na mpeleka habari lazima apate pa kukaa ndipo aseme. Ndani ya mwili mumejaa mabaraza madogo madogo, kama yale ya kukalia nje ya nyumba zetu. Dawa ni mgeni aliyefanana na mwenyeji. Ziko zinazokuja zikakaa zikasema maneno yale yale ya mwenyeji, tena kwa sauti kubwa zaidi. Ziko zinazokaa kimya, kazi yao kujaza nafasi, ili yule mwenye habari mbaya akija akute pamejaa aende zake. Bibi mmoja wa Mkunazini, mtumiaji wa dawa ya presha, alimuuliza kama wageni hao wana adabu.

"Hawana, ndiyo maana dawa ina madhara, Bi," alimjibu. "Hukaa hata kwenye baraza lisilowahusu."

Ini aliliita forodha. Kila unachomeza hushukia pale kwanza, hukaguliwa, na sehemu yake huzuiliwa. Sindano ina nguvu kwa sababu imepita njia ya magendo. Ubongo nao alisema una bawabu mkali, haingii kila mtu, na vile vidonge vya mafua vinavyolaza watu usingizi ni vile vilivyojua kumdanganya bawabu. Nikamuuliza siku moja dawa inatokaje, nikidhani inatoka yote kwa pamoja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akaniuliza nimewahi kuangalia watu wanavyoondoka maulidini. Wakishakula nusu huondoka. Baadaye nusu ya waliobaki. Halafu nusu ya hao. Na daima kuna wawili watatu wamekaa mpaka majamvi yanakunjwa.

Alikuwa mlevi wa kahawa, na hakuficha. Muuza kahawa alipita na dele lake mara nne kwa siku, na mara zote nne alisimama mlangoni petu. Siku ambayo muuza kahawa aliumwa, Mfamasia aliinamisha kichwa juu ya kaunta toka asubuhi mpaka adhuhuri, akilalamika kuwa kinapasuka. Nikamcheka. Na yeye akajicheka. Alisema kahawa hukalia baraza la usingizi, na mwili ukiona mwenyeji wake amezuiliwa kila siku, humjengea mabaraza mengine. Siku kahawa isipokuja, usingizi huyakalia yote kwa pamoja. Na kinyume chake pia ni kweli: dawa ikipiga kelele sana, mwili huvunja mabaraza ili usisikie, na mtu huona dozi ya jana haimtoshi.

Somo hili aliwapa hasa akinamama waliokuja kuulizia vijana wao wanaotumia unga. Mama huja kajifunika buibui mpaka machoni, anasubiri duka liwe tupu, anauliza kwa nini mwanawe haachi, na amekula yamini mara ngapi kuwa ataacha. Mfamasia aliyewakaripia watu kwa kusahau kidonge cha presha, hapa alikuwa mpole mpaka nikamshangaa. Hakusema tabia, wala imani. Alisema mwili wa kijana yule umejengwa upya kukizunguka kile kitu, ukikitoa ghafla nyumba inamwangukia, kwa hiyo anahitaji watu wa kumsaidia kujenga polepole. Wapo akinamama waliolia pale pale. Nilidhani upole ule ni wa moyo mwema tu. Sikujua kuwa anajisemea mwenyewe.

Alichukia sana kuazimana dawa. Mtaani kwetu mtu akipona hutangaza kuwa ile dawa imemkubali, na jirani huomba vidonge viwili ajaribu kama na yeye itamkubali. Alikuwa akiuliza kwa hasira kama wanaazimana na figo pia. Na mtu huyu huyu, shangazi yake alipomletea kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, alilinywa lote mpaka akakombeleza sahani. Nikamuuliza hilo linakwenda wapi na linatokea wapi. Akaniambia nisiwe fedhuli.

Sasa niseme habari ya uso wake. Nilipoanza kazi alikuwa mtu mkavu, kanzu ikimning'inia. Mwaka wa tatu au wa nne akaanza kujaa. Mashavu yakawa duara, shingo ikanenepa, tumbo likatangulia mbele. Kwetu mtu akiwa hivyo amepata. Wapita njia walichungulia dukani wakimpongeza, mashaallah, umenawiri, raha ya uzeeni hiyo. Mkewe alikuwa keshafariki, kwa hiyo sifa za matunzo walizipeleka kwa Sabra, mke wa mwanawe wa pekee. Mfamasia aliitika alhamdulillahi, akashusha macho. Mikono yake haikunawiri. Ilikuwa myembamba kama zamani, na ngozi yake ilikuwa nyepesi hata akigusa ncha ya kaunta hubaki alama ya zambarau kwa wiki mbili. Niliona yote na sikuunganisha chochote.

Aliyeunganisha, kwa njia yake, alikuwa somo mmoja anayefunda mabibi harusi. Kazi yake ilikuwa kumweka mwari ndani, kumsugua liwa, kumfukiza udi, na kumtoa siku ya harusi amejaa na anang'aa. Alikuwa amesikia kuwa kuna vidonge vya kunenepesha, akaja kumwambia Mfamasia waziwazi kuwa anataka vile anavyokula yeye. Mfamasia alimfukuza. Nilikuwa sijawahi kumwona akimfukuza mwanamke mtu mzima. Somo hakuchoka. Alirudi adhuhuri, yeye akiwa msikitini, akanikuta mimi. Alinambia harusi imebaki mwezi, msichana ni mkondefu kama uzi, na wakwe ni watu wa maneno. Kwenye droo ya chini kulikuwa na steroidi, vile vidonge vidogo vyeupe ambavyo kwa kawaida hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Nilimpa. Sina cha kujitetea. Nilidhani kumnenepesha msichana wa watu si kosa.

Msichana alinenepa kweli. Harusi ikapita, vidonge navyo vikaachwa siku ile ile, kwani kazi yake imekwisha. Siku chache baadaye mama yake akaja dukani mbio. Bi harusi anatapika, hawezi kusimama, akiinuka anaanguka, na nyumbani wanagombana kama ni mimba au ni jicho la watu. Mfamasia alimuuliza jambo moja tu, ametumia dawa gani na ameacha lini. Mama aliponitazama mimi, na yeye akanitazama. Aliandika karatasi, akawaambia wampeleke hospitali saa ile ile na karatasi hiyo aipate daktari mkononi. Msichana alipona. Mimi jioni ile nilisubiri kufukuzwa.

Alifunga mlango wa duka, akanikalisha kwenye benchi la wateja, akanifundisha. Juu ya kila figo, alisema, kuna tezi ndogo. Asubuhi na mapema, kabla hujafumbua macho, tezi hizo hutoa kitu kinachokuwezesha kuinuka kitandani, kinachoshika presha yako isianguke, kinachokupigania ukipata homa. Kidonge kile cheupe kimefanana na kitu hicho. Ukikimeza kila siku, ubongo huona kuna kingi, huziambia tezi zipumzike. Zikipumzika sana hunywea. Ukikata kidonge ghafla, huna cha nje na huna cha ndani. Msichana ameonja wiki chache tu na karibu afe.

"Mie nna miaka saba navimeza, Zuwena," alisema.

Ilianza na pumu, masika moja mbaya. Daktari alimpa vidonge hivyo vya siku tano. Siku ya pili kifua kilifunguka, magoti yakaacha kumuuma, akala kwa hamu, akajiona ana miaka thelathini. Siku ya sita alipaswa kuacha na droo ilikuwa mbele yake. Alijiambia wiki moja tu, mpaka mvua zikatike. Katika mji mzima kulikuwa na mteja mmoja tu ambaye hakumwekea kiganja juu ya dawa, na mteja huyo alikuwa yeye. Alipokuja kushtuka, kila alipojaribu kupunguza mwili ulimgomea. Na vidonge hivyo hivyo vilikuwa vinamla: mifupa inalainika, sukari inapanda, jicho la kushoto linaingia ukungu. Akiendelea vitammaliza polepole, akiacha ghafla atamalizika kwa siku chache. Aliniomba nisimwambie mtu, hasa mwanawe. Mtu aliyezoea kuwapa watu wazima darasa mbele ya kaunta hawezi kuvumilia kuwasikia wanamcheka. Nilikubali. Baada ya nililofanya, ningekubali chochote.

Kuanzia hapo nilimjua upya, na nilisikia dhiki kila nikimwangalia. Hakwenda popote bila ya pakiti ndogo kwenye mfuko wa kanzu. Tulialikwa harusi Matemwe, tumefika Mahonda akajipapasa, akaitafuta pakiti, haikuwepo. Uso ulimbadilika, akaomba gari ligeuzwe, na tulichelewa nikaha kwa sababu yake. Alisema kasahau zawadi. Mwezi wa Ramadhani alikula daku kwa ajili ya kidonge, si kwa ajili ya njaa. Siku moja alikohoa tu, ubavu ukavunjika. Watu walikuja kumtazama wakamwona alivyo mviringo wakasema ubavu gani huo unaovunjika kwa mtu aliyeshiba vile.

Kila baada ya masika alianza kushuka. Alikikata kidonge kwa wembe juu ya sahani, robo, kisha nusu ya robo, na akaendelea na kila kipimo kwa wiki kadhaa ili tezi zisikie upungufu na ziamke. Mifupa ilimuuma usiku na mchana, akawa mkali kwa wateja, akalala kwenye benchi saa tano ya asubuhi. Akifika katikati, hupata mafua au kifua hubana, na mwili uliougua unahitaji dozi kubwa zaidi, si ndogo. Hurudi juu. Nimemwona akirudi juu mara nne. Mara ya nne alifagia unga mweupe uliobaki sahanini kwa kidole, akaulamba, akaniambia nifungue duka.

Jicho la pili nalo likaingia ukungu, akawa hasomi maandishi ya maboksi, na mwanawe akamchukua kukaa naye Fumba, kwenye nyumba zile mpya. Duka likafungwa. Mimi nikapata kazi duka jengine, Amani, ambako tunauza haraka na hakuna anayemuuliza mtu kitu. Tulizungumza kwa simu. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayeficha zawadi kuwa kule hewa ni kavu, kifua hakijambana hata siku moja, na ameanza tena kushuka. Mwezi baada ya mwezi alinipa kipimo. Nilikuwa nikifurahi kama anayesikia mtoto amefaulu mtihani. Mwezi wa mwisho alisema amefika kwenye chembe, kitu cha kuokota kwa ncha ya kidole kilicholowa.

Ijumaa moja nilikwenda kumtazama. Sabra alinipokea vizuri, akaniambia Baba hajambo ila tumbo linamsumbua, siku tatu anatapika, na ana kihoma. Alimpikia uji wa mtama. Akanambia kwa furaha kuwa mzee ameacha vile vidonge vyake vya kifua, kavitupa mwenyewe chooni, na yeye alifurahi kwa sababu hospitali waliwahi kuwaambia vinavunja mifupa. Nikaingia.

Alikuwa amelala ubavu, midomo mikavu, rangi imemtoka. Nilimshika mkono, mshipa ulikuwa mbio na mwembamba. Nilipomwita alinijua kwa sauti.

"Homa imekuja lini?" nilimuuliza.

"Jumanne. Chembe ya mwisho nlikula Jumatatu."

"Na huongezi dozi? Mtu mwenye homa?"

Alisema pole pole, akikusanya pumzi kwa kila neno.

"Zuwena, nshafika mlangoni. Miaka kumi na nne. Nikiongeza leo, narudi mwanzo, na huko mwanzo sirudi tena nikatoka. Zitaamka. Nipe siku mbili tu. Usimwambie mtu, kama ulivyoniahidi."

Nilikaa kwenye ncha ya kitanda. Sijapata kubanwa vile maishani. Alikuwa na haki: kwa umri wake hakuna kushuka tena kwingine. Na nilijua, kwa sababu yeye ndiye aliyenikalisha nikajua, kuwa tezi zile haziamki kwa siku mbili, na kwamba hana siku mbili. Alinitazama kwa yale macho yenye ukungu, akijua kuwa najua. Nilisema, "Naam, nimesikia." Akadhani nimekubali, akafumba macho.

Nilitoka nikamwambia Sabra kila kitu, mbele ya mumewe, toka pumu ya masika mpaka chembe. Tulimbeba watatu mpaka garini. Njiani alijua tunakokwenda, na hakuwa na nguvu ya kukataa ila ya kuutoa mkono wake kwenye wangu. Hospitali nilimwambia daktari anatumia nini na ameacha lini. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano ya dawa ile ile.

Ilichukua saa chache tu. Rangi ilirudi, akafumbua macho, akaomba chai, akala na mkate, kisha akaomba mwengine. Sabra alilia kwa furaha. Mwanawe alinishika mkono akanishukuru mara tatu. Mfamasia alimuuliza muuguzi, si mimi, wamemchoma kiasi gani, na muuguzi akamtajia. Alianza kuhesabu kwa vidole, miezi ya kushuka kutoka kipimo kile mpaka sifuri. Mkono wa kwanza ukaisha, akaingia wa pili, kisha akauweka juu ya shuka akaacha.

Kabla ya magharibi niliaga. Nilisimama karibu na kitanda nikamwamkia, shikamoo. Alikuwa macho, na alisikia. Nikamwamkia tena, kwa sauti zaidi, mbele ya mwanawe na Sabra na wagonjwa wengine. Alijigeuza polepole akaelekea ukutani, nikasubiri kidogo, halafu nikatoka.